Maswali Yenu: Mheshimiwa, Msanii na Mambo ya Chumbani

Barua nyingi za mwezi huu zauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anayejulikana na umma, awe mwanasiasa, mwimbaji, mtangazaji au mchezaji, ana wajibu wa kutuambia anampenda nani? Tumechapa zile zinazoweza kujibiwa kwa vitendo. Majina ya waandishi tumeyaondoa yote, hata ya waliosema hawana neno yakitajwa. Majibu ni ya wakili wa kesi za faragha na mhariri wa habari, kwa pamoja.

Mwakilishi wadi wetu hajaoa

*Assalaam aleikum. Mwakilishi wadi wetu amepita miaka arobaini na hajaoa. Barazani watu wanasema mambo, na mwajua lisemwalo lipo. Mshahara wake ni kodi yetu. Si haki yetu atwambie yeye ni mtu wa namna gani? (Msomaji, Kisauni)*

Waaleikumu salaam. Mheshimiwa mnamdai mengi, lakini hilo halimo katika deni. Mliyemchagua anadaiwa hesabu ya alichokabidhiwa: madaraka, fedha na ahadi alizotoa. Sheria inamtaka atangaze mali, mapato na madeni yake, na kama ana mke na watoto walio chini ya miaka 18, yao pia. Kifungu cha 75 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamtaka afisa wa serikali ajichunge hata katika maisha yake ya binafsi, asije akagonganisha maslahi yake na kazi au akaivunjia hadhi ofisi. Wengi wakisoma hayo maneno "maisha ya binafsi" hudhani mlango wa chumba umeachwa wazi. Kinachoangaliwa pale ni mwenendo unaogusa ofisi. Kifungu cha 31 kinamlinda kila mtu, na mheshimiwa yumo, habari za familia yake na mambo yake ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo ulazima. Na Kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya ndoa, kwa hiyo kutooa si shtaka.

Jiulize hiyo habari unayoitaka utaifanyia nini siku ya kura. Ukijua basari za wadi, yaani fedha za kusaidia karo, zimegawiwa vipi, utajua kama mtoto wako alionewa. Ukijua mheshimiwa analala na nani, itabaki kuwa mazungumzo ya baraza tu.

Kwa hiyo andikeni barua ya basari. Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iende kwa afisi inayozisimamia, mtaje mwaka wa fedha, wadi na hati mnayoitaka: kiasi kilichotolewa, idadi ya wanafunzi kwa kila shule, na vigezo vilivyotumika. Majina ya watoto msiyadai, nao wana faragha yao, na barua yenu itapata kisingizio cha kukataliwa. Hamhitaji kueleza sababu. Afisi ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile iitwayo Ombudsman. Barua nyingi hukwama kwa sababu zimeomba "habari zote". Ombeni hati inayotajika, moja au mbili.

Na hilo la lisemwalo lipo, mahakamani halipiti. Mtu akishtakiwa kwa kumkashifu mwenzake, yeye aliyesema ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli.

Akiwa mnafiki je?

*Na akiwa ndiye anayepanda jukwaani kuwatukana mashoga, kisha ikajulikana naye yumo? Hapo pia tunyamaze? (Msomaji, Mji wa Kale)*

Hapa ndipo penye uzito, na wenye taaluma hawajakubaliana. Unafiki wa mwenye madaraka ni habari ya umma, kwa sababu anatumia nguvu aliyopewa kuwaumiza wengine kwa jambo analolifanya mwenyewe. Swali linalobaki ni kiasi gani cha faragha yake kifunguliwe.

Kesi inayosomwa sana ni ya mwanamitindo Naomi Campbell wa Uingereza. Alikuwa akiwaambia watu hatumii dawa za kulevya. Mwaka 2001 gazeti moja likachapa kwamba anatumia na anahudhuria vikao vya kujitibu, likaweka na picha yake akitoka kikaoni. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua mwaka 2004, majaji watatu kwa wawili: gazeti lilikuwa na haki ya kusahihisha uongo wake, lakini maelezo ya matibabu na ile picha vilipita mpaka. Alipewa fidia ya pauni 3,500. Fedha zilikuwa kidogo, ila funzo lake kwa mhariri ni kubwa. Uongo uliosemwa hadharani hukupa ruhusa ya kusahihisha uongo huo peke yake. Haukupi ruhusa ya kumwaga maisha yote ya mtu.

Kesi nyingine ni ya gavana wa New Jersey, Marekani, Jim McGreevey, aliyetangaza Agosti 2004 kwamba ni shoga na kwamba anajiuzulu. Wengi wakumbuka hilo tangazo. Lililokuwa la umma tangu mwanzo ni kwamba mwaka 2002 alimpa mtu aliyekuwa karibu naye kazi ya ushauri wa usalama, na mtu huyo, kwa kuwa ni raia wa nchi nyingine, hakuweza hata kupata kibali cha kuona siri za usalama. Angekuwa ni mwanamke aliyepewa kazi hiyo kwa mapenzi, kashfa ingekuwa ile ile. Habari ilikuwa ni uteuzi.

Kwetu kuna hatari ambayo Campbell na McGreevey hawakuwa nayo. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja bado vipo: cha 162 kina kifungo cha hadi miaka 14, cha 165 hadi miaka mitano, na Mahakama Kuu ilivithibitisha tarehe 24 Mei 2019. Unapomfichua mnafiki hapa, unamtia hatarini pia yule mwenziwe ambaye hakupanda jukwaa lolote, na huyo huwa hana walinzi.

Msimamo wetu ni huu. Awe ametumia madaraka, si mdomo tu: amepeleka mswada, ameagiza watu wakamatwe, amemfukuza mtu kazi. Ushahidi uwe wa hati au wa watu walio tayari kusimama nao. Mtu wa pili asitambulike kwa njia yoyote. Na kinachochapwa kiwe ni ule mgongano tu. Likikosekana moja kati ya hayo, chapa kura zake na hotuba zake, uzichambue hizo. Hotuba ya chuki ni mbaya hata ikitolewa na mwenye wake wanne na watoto kumi.

Kunyamaza kwao hakutuachi peke yetu?

*Mimi ni kijana. Naamini wako watu wakubwa hapa nchini, wasanii na wanasiasa, ambao ni kama mimi lakini wanajificha. Wangesema, sisi wadogo tungejua hatuko peke yetu. Je, hawatudai sisi ukweli? Kwa nini wasifichuliwe kwa nguvu kama hawataki? (Msomaji, Nyali)*

Ndugu yetu, hoja yako ina wenyewe, na walikuwa watu wa huruma. Marekani, miaka ya mwanzo ya 1990, UKIMWI ukiua mashoga kwa maelfu na serikali ikijikokota, waandishi kadhaa wa jamii hiyo walisema ukimya wa wakubwa unaua. Mwezi Machi 1990 jarida la OutWeek lilitoa habari kwamba tajiri Malcolm Forbes, aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia, alikuwa shoga. Hapo ukazuka mjadala ambao haujaisha. Waliotetea walisema magazeti huandika wake na wachumba wa matajiri kila siku, kwa nini hili peke yake liitwe siri? Hoja hiyo haijibiwi kwa kupuuza.

Tatizo ni kwamba anayeufungua mlango kwa nguvu si yeye atakayelipa gharama. Oliver Sipple alikuwa mwanajeshi mstaafu. Tarehe 22 Septemba 1975 huko San Francisco aliukamata mkono wa mwanamke aliyekuwa anamlenga Rais Gerald Ford kwa bastola, risasi ikaenda kando. Baada ya siku chache gazeti likadokeza kwamba ni shoga, na wanaharakati wengine walifurahi: shujaa ni mwenzetu. Wazazi wake, waliokuwa Detroit, walilisoma hilo magazetini, na mamake akakata mazungumzo naye. Aliposhtaki, mwaka 1984 mahakama ilimwambia habari hiyo haikuwa siri, kwani mtaani kwake San Francisco watu wengi waliijua. Huo ndio mtego ambao wafichuaji hawauoni. Kujulikana Nyali kwa marafiki si kujulikana kwenu Lamu kwa babako. Mtu mmoja huwa na faragha za aina nyingi, na ana haki ya kuchagua nani ajue lipi.

Karibu na kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Oktoba 2010 kijigazeti kimoja cha Uganda, Rolling Stone (hakihusiani na lile la Marekani), kilichapa majina, picha na makazi ya watu kiliowaita mashoga, na wito wa kunyongwa ukurasa wa mbele. Watatu walikwenda Mahakama Kuu. Mwisho wa mwaka huo huo wakashinda: mahakama ilisema haki zao za utu na faragha zimevunjwa, kila mmoja akapewa fidia ya shilingi milioni 1.5 za Uganda. Mmoja wao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya ushindi. Mahakama ilikuwa imewapa haki yao, ila anwani hazikuweza tena kurudi kuwa siri.

Wanaosema kwa hiari yao ni habari nyingine, na wana faida hiyo unayoitaja. Binyavanga Wainaina alijitangaza Januari 2014 kwa makala aliyoiandika mwenyewe, kwa maneno yake na wakati wake, na tarehe 1 Desemba 2016 akasema anaishi na virusi vya UKIMWI. Alifariki Mei 2019. Leo Varadkar wa Ireland alijitangaza redioni Januari 2015 akiwa Waziri wa Afya, kura ya maoni juu ya ndoa za jinsia moja ikikaribia. Alitaka watu wajue kabla yeye hajaanza kuipigia debe. Hapo kulikuwa na sababu ya kazi, na aliiamua mwenyewe. Mwaka 2017 akawa waziri mkuu.

Lakini hata hiari ina bei yake. Justin Fashanu alijitangaza Oktoba 1990, mchezaji wa kwanza wa soka la kulipwa Uingereza kufanya hivyo akiwa bado anacheza. Ndugu yake alimkana hadharani, na Fashanu akajiua mwaka 1998. Baada yake ilipita karibu miaka 32 hadi Jake Daniels wa Blackpool, Mei 2022, mwingine alipothubutu katika soka la wanaume la nchi hiyo. Watu hawakukosa ukweli miaka yote hiyo. Walikosa uhakika kwamba wakiusema watabaki na kazi na ndugu.

Kwa hiyo ukitaka wakubwa waseme, lifanyie kazi hilo la usalama. Mwaka 2023, tarehe 24 Februari, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kuwakatalia wapenzi wa jinsia moja kusajili shirika lao ni ubaguzi. Uamuzi huo haukugusa kifungu cha 162, lakini una maana kwamba kuna mahali halali pa kukutana na kuzungumza bila ya kumngojea mtu mashuhuri. Wewe mwenyewe, ukiwa na uzito moyoni, mtafute mshauri nasaha unayemwamini, na kwanza umuulize anaandika nini katika faili lake na nani hulisoma.

Kuficha si kushiriki?

*Dini inatuamrisha kukataza maovu. Gazeti likijua likanyamaza, si linashiriki? (Ustadh, Majengo)*

Ustadh, fatwa tunawaachia wenye elimu yake. Tutasema tu kwamba Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana na kusengenyana, na Surat an-Nur, aya ya 4, inamwadhibu anayewatuhumu wanawake wenye kujihifadhi asilete mashahidi wanne. Wakristo nao wana Mathayo 18:15: nduguyo akikosa, mwendee mkiwa nyinyi wawili peke yenu. Yote haya yanamwekea masharti magumu msemaji. Ukurasa wa Facebook hauna hata sharti moja kati ya hayo.

Nimetumiwa picha za mwimbaji

*Nasimamia ukurasa wa habari za Pwani wenye wafuasi wengi. Nimetumiwa picha na sauti za mwimbaji wa taarab akiwa na mwenziwe wa jinsia moja. Nikificha uso na jina naweza kuchapisha? Na kama ni kweli, atanishtaki kwa lipi? (Msimamizi, Bamburi)*

Usichapishe, na usimtumie mwingine yeyote "akusaidie kuthibitisha", maana huko kutuma nako ni kusambaza.

Tuanze na hilo la ukweli, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Katika kesi ya kukashifu, ukweli ni kinga. Katika kesi ya faragha si kinga hata kidogo. Kwa kweli faragha huvunjwa zaidi pale jambo linapokuwa la kweli. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu katika kundi la data nyeti, pamoja na afya yake, hali yake ya ndoa na majina ya watoto wake. Msamaha wa uandishi wa habari upo, ila ni pale uchapishaji unapokuwa na maslahi ya umma. Msamaha wa matumizi ya nyumbani upo pia, lakini ukurasa wenye wafuasi si nyumbani. Malalamiko yakifika kwa Kamishna wa Data yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90, na faini inaweza kufika shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya biashara, kinachopungua kati ya hivyo viwili, mbali na fidia ya mwenyewe. Juu yake kuna Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018, kifungu cha 37: kusambaza picha za faragha za mtu, faini ya hadi shilingi laki mbili au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote.

Kuficha uso hakusaidii. Watu wa taarab wajuana. Sauti peke yake yatosha, na kama si sauti ni pete, ni hina, ni dera aliyovaa kwenye harusi ya juzi, ni pazia la ukumbi. Faili lenyewe laweza kuwa limebeba mahali na saa picha ilipopigwa. Na ukiandika "mwimbaji fulani wa Bamburi mwenye gari jekundu", sheria inahesabu umemtaja, ilimradi wanaomjua wataelewa. Jina litamalizikia kwenye maoni ndani ya dakika chache, na maoni hayo yako ukurasani kwako.

Kosa jingine tunaloliona mara kwa mara: msimamizi anamwandikia mhusika "tunazo picha zako, una la kusema?" Nia inaweza kuwa nzuri, ila ujumbe huo husomeka kama kitisho, na ukifika polisi utaeleza kwa shida. Kanuni za maadili zilizowekwa pamoja na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ziliutaja ujinsia wa mtu wazi wazi kuwa sehemu ya faragha, na zilisema maslahi ya umma si udadisi tu.

Sasa ikiwa ndani ya habari hiyo kuna jambo la umma, tuseme huyo mwenziwe ni afisa wa kaunti na mwimbaji amelipwa fedha za tamasha bila zabuni, basi fuata fedha. Tafuta vocha ya malipo, mkataba na tangazo la zabuni. Waulize wote wawili juu ya malipo, kwa maandishi, uwape saa 24 au zaidi na utaje siku ya mwisho. Katika habari andika "wana uhusiano wa karibu wa kibinafsi", inatosha. Usiandike "hakukanusha". Picha huzihitaji.

Na ikiwa aliye pichani ana umri chini ya miaka 18, au ni mwanafunzi wa huyo mtu mkubwa, au mfanyakazi anayelazimishwa, hapo mjadala wa faragha umekwisha. Hiyo ni Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Ripoti polisi, na picha za mtoto usizinakili.

Nikiulizwa redioni nijibu nini?

*Nagombea kiti 2027. Najua mtangazaji ataniuliza, na kila nikifikiri jibu naona linanifunga. (Mgombea, Likoni)*

Kataa kujibu, usikane. Tofauti yake ni kubwa. Ukisema "mimi si hivyo" umeweka neno hadharani ambalo mtu anaweza kudai haki ya kulisahihisha, kama ilivyokuwa kwa Campbell. Ukisema "Maswali ya chumbani siyajibu, yangu wala ya mtu mwingine. Niulize kuhusu maji ya Likoni", hujaacha kitu cha kusahihishwa. Shika maneno yale yale kila mara, kwa sauti ile ile. Jibu likiwa refu zaidi leo kuliko jana, ndilo litakalokuwa habari.

Sharti lake ni moja: usiwaulize wapinzani wako ya vyumba vyao, wala usiwaonyeshe mke na watoto kwenye mabango kama ushahidi wa uadilifu. Ukiifanya familia yako kuwa hoja ya kampeni, umeialika kujadiliwa. Na usioe kwa ajili ya kura. Huyo mke ni mtu, na ndiye atakayeumia.

Wapo watakaokushauri ushtaki. Fikiri sana. Oscar Wilde aliposhtaki kwa kukashifiwa huko London mwaka 1895, ushahidi wa upande wa pili ulimgeukia, akafungwa miaka miwili na kazi ngumu. Kesi ya kukashifu inakulazimu useme chini ya kiapo kwamba lililosemwa ni uongo, kisha uhojiwe. Kesi ya faragha haikuulizi kama ni kweli. Ukichagua ya kukashifu, kumbuka una miezi 12 tu tangu siku lilipochapishwa.

Anataka elfu hamsini kabla ya Ijumaa

*Mimi husoma habari redioni. Mtu niliyekuwa naye ana picha zetu, anataka shilingi 50,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo atazipeleka kazini na kwa mamangu. (Asiyetajwa, Tudor)*

Pole sana. Usilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi, na kila malipo humwonyesha bei yako. Usimfungie wala usifute chochote kabla hujahifadhi ushahidi. Mjibu sentensi moja: "Sikubali, na usinitumie tena." Usibishane naye wala usimtukane.

Piga picha za skrini nzima bila kuzikata, zionyeshe tarehe na saa. Fungua wasifu wake ili namba yenyewe ionekane, kwa sababu jina ulilomhifadhi nalo halimaanishi kitu mahakamani. Kwenye mitandao chukua jina la akaunti lenye alama ya @, na kiungo chake, maana jina la juu hubadilishwa kwa sekunde. Toa nakala ya mazungumzo yote kwa faili. Hifadhi namba aliyotaka pesa zitumwe. Kisha simu hiyo usiiuze wala kuifuta: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kueleza ushahidi wa kielektroniki ulitolewa na kifaa gani na nani, na watu wengi hushindwa hapo wakiwa na haki zao mkononi.

Siku hiyo hiyo weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe, toa vifaa vyote vilivyounganishwa usivyovitambua, ufiche orodha ya marafiki zako Facebook. Kama una umri wa miaka 18 au zaidi na picha ni za utupu, ingia StopNCII.org. Picha haitoki kwenye simu yako. Kinachokwenda ni alama ya tarakimu inayowezesha kampuni za mitandao zilizojiunga kuizuia isipandishwe.

Kabla ya Ijumaa mwambie mtu mmoja. Kama mamako atasikia kwa vyovyote, ni afadhali asikie kwako, hata kwa maneno machache kama "kuna mtu ananitishia kwa pesa, atakuletea vitu, usifungue". Hayo hayamwambii lolote usilotaka kumwambia. Kazini wape kauli hiyo hiyo kwa maandishi.

Polisi nenda na wakili. Kutisha mtu ili atoe fedha ni kosa, na ndilo unaloripoti. Taja kitisho, kiasi, namba na siku, kisha uchukue namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Swali la kwamba ni kweli au si kweli halimo katika ripoti hiyo. Wakikugeuzia kibao, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Na akitokea wa kukutisha kwamba utapimwa kwa nguvu hospitalini, ajue Mahakama ya Rufaa, ikikaa hapa hapa Mombasa, ilisema tarehe 22 Machi 2018 kwamba vipimo hivyo vinavunja Katiba. Ilikuwa ni kesi ya watu wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015.

Ikibidi kwenda Mahakama Kuu kuzuia picha zisitolewe, wakili aombe amri ya muda kwa dharura chini ya Kifungu cha 31, na pamoja nayo aombe utajwe kwa herufi tu, kama walivyotajwa wale wawili wa Ukunda. Ombi hilo liwekwe na hati ya kwanza kabisa. Likichelewa hata siku moja, jina lako laweza kuwa limeshabandikwa kwenye orodha ya kesi.